Nilivyomtafutia Grace Poole maisha yake

Nilisoma Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë, nikiwa kidato cha nne, na kama Jane mwenyewe, mwalimu wa nyumbani kwa Bwana Rochester, niliamini kwamba kile kicheko cha usiku kutoka ghorofa ya tatu ni cha Grace Poole, na kwamba ndiye aliyetia moto kitanda cha Bwana Rochester. Baadaye nikajua kuwa aliyefungiwa kule juu ni Bertha, mke wa Rochester, na Grace ni mtumishi aliyeajiriwa kumwangalia. Lakini sikurudi nyuma kumtaka radhi. Nilimsahau tu.

Nilimkumbuka mwaka jana, nilipotaka kuandika kisa cha mhusika mdogo wa riwaya kubwa. Bertha alishapata mtetezi: Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alimwandikia riwaya nzima iliyotoka mwaka 1966. Mimi nilimtaka huyu wa mshahara.

Jaribio la kwanza liliharibika. Nilimpa Grace mume mlevi, mtoto aliyekufa na mpenzi aliyepotelea baharini. Niliposoma nilichoandika, niliona ungeweza kumvisha mtu yeyote huzuni ile na ikamkaa. Nikachana karatasi, nikafungua daftari jipya na kuanza riwaya ukurasa wa kwanza, kalamu mkononi. Kila Grace alipotajwa, nilinakili upande wa kushoto kile kitabu kinachosema, na upande wa kulia nikaandika swali. Nilijiwekea sharti moja: cha kushoto hakibadilishwi.

Upande wa kushoto ulijaa haraka kuliko nilivyotegemea. Nywele nyekundu, uso mgumu, mwili uliojengeka. Bia yake nyeusi anapanda nayo juu. Leah, mtumishi mwenzake, anasema kwamba mshahara wake yeye haufiki hata sehemu moja ya tano ya ule wa Grace, na kwamba kila baada ya miezi mitatu Grace huenda benki mjini Millcote kuweka akiba. Hajafika miaka 40. Tena Rochester anamtaja mwana wa Grace, mwangalizi wa wagonjwa wa akili huko Grimsby Retreat, alikotolewa Grace mwenyewe.

Hapo nilisimama, nikapiga hesabu. Mwanamke hajafika 40, mwanawe ni mtu mzima mwenye kazi: basi alimzaa akiwa binti mdogo. Bertha amekaa Thornfield, nyumba ya Rochester, miaka 10. Ikiwa Grace alikuwa naye karibu muda huo wote, basi alipanda ngazi zile mtoto wake akiwa bado mdogo. Nani alimlea? Nani alimpikia, nani alimkanda alipougua? Swali hilo niliandika kwa herufi kubwa, na ndilo lililonipa kisa.

Nikasoma pia kuhusu nyumba za wagonjwa wa akili za enzi zile. Huko York, Uingereza, Waquaker, watu wa dhehebu moja la Kikristo, walifungua yao mwaka 1796 wakaiita The Retreat, wakaacha minyororo na kuwatunza wagonjwa kwa upole. Jina la Grimsby Retreat linafanana nalo, nami nikaamua kwamba Grace alijifunza kazi mahali pa namna ile, kwamba alijua kusema na mgonjwa kabla ya kumshika.

Bado sikumsikia sauti yake. Nikampigia simu mama mmoja wa makamo aliyekuwa akikesha na bibi yangu, miaka ile bibi alipoanza kupoteza kumbukumbu. Usiku mmoja mama yule alipitiwa na usingizi, bibi akafungua mlango akatoka. Tulimkuta barabarani, salama, miguu mitupu. Nyumba nzima tulimlaumu mama yule, nami nilikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyeuliza alikuwa amekesha siku ngapi mfululizo.

Baada ya salamu nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza, "Mama, usiku wote ule ulikuwa ukiwaza nini?"

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, nilikuwa nahesabu. Ada imebaki kiasi gani, mwezi una siku ngapi. Bibi akiita naacha, akilala naanza upya."

Nilirudi kwenye ile asubuhi baada ya kitanda kuungua. Jane anachungulia chumbani na kumkuta Grace kwenye kiti kando ya kitanda, gauni la kahawia, aproni ya mirabaraba, kitambaa cheupe na kofia, anashona pete kwenye mapazia mapya. Jane anashangaa muuaji anawezaje kutulia hivi. Lakini sasa niliona kitu kingine: mtu aliyelala usiku wa kazi, chupa yake ya pombe kali ikiwa karibu, mgonjwa akachomoka, bwana nusura afe, na kumekucha, hajafukuzwa. Anashona pete moja baada ya nyingine, na kila pete ni hesabu.

Kisa changu kimeanzia hapo, kwenye sindano ile. Kitabu hakisemi Grace alikwenda wapi nyumba ilipoteketea na Bertha akafa. Nimemwandikia safari ya mwisho ya Millcote, kitabu cha benki kwapani, kisha gari la farasi la kuelekea Grimsby. Mwanawe anamfungulia mlango, na inambidi amtazame vizuri kwanza kabla ya kumwita mama.