Nimeshinda Englishman's Bay, Tobago

Jamani, Tobago, kisiwa cha Karibi! Leo nimeshinda Englishman's Bay, pwani ya kaskazini, na ufukweni hakuna hoteli hata moja. Msitu unashuka mlimani mpaka kwenye mchanga. Huko juu ni Main Ridge, msitu uliowekewa ulinzi wa kisheria tangu 1776 ili mvua zisikatike. Wakoloni walikuwa na miwa yao akilini, lakini wanaofaidi sasa ni ndege. Kuna huyu kokriko, mmoja wa ndege wawili wa taifa hapa: umbo kama kanga aliyekonda, mkia mrefu, na kelele! Usingizi wa mchana usahau.

Nilichokodolea macho zaidi ni mwari. Anapanda juu, anakunja mabawa, anajitupa majini chubwi, kisha anaibuka na kutulia akielea, maji yakimchuruzika mfukoni mwa mdomo. Akishayamaliza, anainua shingo: samaki kwisha.

Mchana nikala roti, aina ya chapati, urithi wa Wahindi walioanza kuletwa Trinidad, kisiwa kikubwa cha nchi hii, mwaka 1845 kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Hii ina dengu za kusagwa ndani yake, halafu inafungiwa mchuzi wa kuku. Nikaomba pilipili kidogo. Kidogo ya hapa, ndugu zangu, jasho lilinitoka mpaka nyuma ya masikio, nikakimbilia maji ya dafu.

Barabara ya kuja ni kona juu ya kona. Kama huwa unatapika garini, kaa mbele.