Kisanduku kutoka kipande kimoja cha mninga

Kisanduku ninachopenda kukitengeneza hakiungwi kwa mbao sita, bali hutolewa ndani ya kipande kimoja cha mninga kilichokauka vyema. Ukavu ndio mwanzo wa kila kitu, kwa sababu mti hunywea sana kwa upana na kidogo mno kwa urefu, na ukifuata duara za ukuaji hunywea takriban mara mbili ya unavyonywea kuelekea kiini. Ndiyo maana droo iliyochongwa kwenye mti mbichi hugoma kufunguka baadaye, hata kama siku ya kwanza iliteleza barabara.

Nikishakata umbo la nje, kwa kawaida lenye mgongo uliopinda, hupasua ubao mwembamba upande wa nyuma, hutoa pande la ndani kwa msumeno mwembamba unaoweza kukata kona, kisha huurudisha ubao ule mahali pake kwa gundi na jiliwa, nikipanga nyuzi zikutane kiasi kwamba kiungo kisionekane. Pande lililotoka huchimbwa kwa patasi likawa droo.

Baada ya tupa na msasa, hupangusa kwa kitambaa chenye unyevu ili nyuzi zisimame, nikapiga msasa tena. Barakoa ni lazima, kwani vumbi la mninga huwasha pua na ngozi. Nje hupaka nta ya nyuki. Vanishi ya kung'aa, kwa maoni yangu, huiua rangi yake. Ndani sipaki mafuta kamwe, maana harufu hukaa.