Hiyo ndogo inakutosha

"Unakatia nini, mkuu?"

"Mbao za kenchi za paa. 2x4, na 2x6 kidogo."

"Ah, basi hiyo ndogo inakutosha."

Nilikuwa naulizia msumeno wa duara wa betri. Kijana wa duka hata usoni hakunitazama, alikuwa anachana selotepu ya boksi la mteja mwingine kwa funguo. Wiki hii tumemzika bibi wa nyumba ya pili, Salma katoka wa tatu darasani, mwenye nyumba kapandisha kodi, lakini usiku mimi nalala na yule kijana wa Kariakoo kichwani.

Misumeno yenyewe ni miwili. Mdogo umeandikwa volti 20, bledi milimita 165, unakula betri zilezile za drili yangu. Mkubwa ni wa 40, bledi 190, betri zake mbali na chaja yake mbali, na bei yake nikimtajia Mama Salma nitalala sebuleni. Saiti ya Chanika haina umeme, na jenereta ya kukodi vituko vyake mnavijua.

Jibu lilinijia nimeshashuka ngazi: "Kijana, hilo ni paa la pande nne. Zile mbao fupi zinazogonga mbao ya kona, unalaza bledi nyuzi 45. Hiyo ndogo ikisimama inazama milimita 57, ukiilaza inabaki 40. Inchi mbili ni 50. Hizo 10 nizimalizie kwa meno?" Nimelisema bafuni. Nimelisema kwenye daladala ya Gongo la Mboto mpaka konda akageuka. Na kila nikilisema, kijana anakuna kichwa na kuniita mzee wangu.

Jana usiku nikafungua picha za maboksi, natafuta ushahidi tu. Mkubwa, bledi ikisimama: 66. Nyuzi 45: 46.

Arobaini na sita! Na wenyewe haufiki 50. Nilicheka mpaka Mama Salma akauliza nachati na nani. Nikatoka uani na futi kamba, nikapima unene wa kipande cha 2x4 tulichonunua juzi: 44. Kumbe mkubwa unapita, ila kwa sababu tu wauza mbao wanatupunja.

Nikaendelea na hesabu, usingizi umeshakata. Ile 20 ni namba ya betri iliyotoka tu kwenye chaji, kazini ni 18. Na 40 ni 36. Betri ya 18 yenye ampea-saa (Ah) 5 ni wati-saa 90, ya 36 yenye Ah 2.5 ni 90 vilevile. Akiba ni ileile. Tofauti utaiona kwenye mbao mbichi zinazobana bledi: volti zikiwa ndogo, kwa nguvu ileile betri inatoa ampea nyingi zaidi, nyaya na swichi zinachemka, msumeno unajizima. Sasa mikato ya kulaza kwenye lile paa ni michache, msumeno wa mkono upo, na msaidizi wangu Hamisi ana mikono.

Nachukua mdogo. Ila kwa yule kijana sinunui, nitazunguka mtaa wa nyuma hata kama wanauza ghali kidogo.

Baba mdogo kapiga simu leo mchana kuuliza naoa lini. Yeye ndiye aliyepeleka posa kwa kina Mama Salma. Nikamwambia karibuni tu, baba. Dada anasema Ijumaa alimuuliza na yeye hivyohivyo, naoa lini.