Bahari Yenye Asidi na Gharama za Kuishi za Kijimea

Tunapozungumzia kuongezeka kwa asidi baharini, mara nyingi tunaanza na matumbawe na kuishia na chaza. Mimi, kama mwalimu wa biolojia, navutiwa zaidi na fitoplanktoni, yaani vijimea vya seli moja vinavyoelea karibu na uso wa bahari na kufanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Darasani hukutana mara kwa mara na hoja hii: ikiwa mimea huishi kwa hewa ukaa, basi hewa hiyo ikizidi baharini, vijimea hivi vitastawi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa makini.

Hewa ukaa ikiyeyuka majini huungana na maji na kuwa asidi ya kaboni, ambayo huachia ioni za hidrojeni, yaani chembe zenye chaji ambazo ndizo huleta asidi. Sehemu kubwa ya ioni hizo hunaswa na kaboneti iliyomo majini, ambayo hugeuka kuwa bikaboneti. Kwa hiyo mambo matatu hutokea kwa pamoja: hewa ukaa huongezeka, ioni za hidrojeni huongezeka, na kaboneti hupungua. Bahari imekwisha kumeza takriban robo ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na pH ya maji ya juu, yaani kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, imeshuka kutoka karibu 8.2 kabla ya enzi ya viwanda hadi karibu 8.1. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kila hatua moja ya kipimo cha pH ni mara kumi, hivyo maana yake ni kwamba ioni za hidrojeni zimeongezeka kwa zaidi ya robo.

Faida ipo. Kimeng'enya cha Rubisco, kinachonasa kaboni katika usanisinuru, hufanya kazi polepole na hakishiki vizuri hewa ukaa ikiwa haba. Nayo baharini ni haba kweli, kwa kuwa kaboni iliyoyeyuka humo ni bikaboneti kwa takriban asilimia 90, ilhali hewa ukaa yenyewe haifiki asilimia 1. Ndiyo sababu vijimea vingi hutumia nishati kuvuta bikaboneti na kuigeuza kuwa hewa ukaa jirani na Rubisco. Hewa ukaa ikizidi majini, kazi hiyo hupungua na nishati kidogo huokolewa. Akiba hiyo, hata hivyo, hudaiwa kwingine.

Deni la kwanza huonekana wazi kwa kokolitofori, vijimea vinavyojivika vigamba vya chokaa. Kila kigamba hutengenezwa ndani ya kifuko kidogo katika seli, kisha husukumwa nje na kupangwa juu ya utando. Seli hutumia bikaboneti kutengeneza chokaa hiyo, na kila bikaboneti inapogeuzwa kuwa kaboneti, ioni moja ya hidrojeni hubaki ndani ya seli, ambayo lazima itolewe haraka kabla ya kuvuruga kila kitu. Mwaka 2011 watafiti wa Plymouth, Uingereza, walionyesha kwamba kokolitofori wana milango maalumu ya kuzipitishia ioni hizo, na kwamba milango hiyo hutegemea asidi ya ndani kuzidi ya nje. Maji ya nje yakiongezeka asidi, tofauti hiyo hupungua na seli hushindwa kuondoa taka yake. Kwa hiyo kigamba kinaweza kuharibika tangu kinapotengenezwa, kabla hata hakijagusana na maji ya bahari.

Si kila jaribio lilileta jibu moja. Mwaka 2000 mtafiti Ulf Riebesell na wenzake waliona chokaa ya kokolitofori aitwaye Emiliania huxleyi ikipungua na vigamba vikiwa na kasoro; mwaka 2008 kundi jingine liliripoti kinyume chake kwa spishi hiyo hiyo. Mwaka 2012 ilionekana tena kwamba seli zilizokuzwa katika maji yenye asidi kwa takriban vizazi 500 zilirejesha sehemu ya uwezo wao wa kutengeneza chokaa. Kwangu, matokeo hayo ya mwisho yanatia moyo, ingawa kurejesha sehemu si kurejesha yote.

Deni la pili, ambalo naliona kuwa zito zaidi, ni la madini ya chuma. Bila chuma hakuna usanisinuru, na katika maeneo mapana ya bahari chuma ni adimu kupindukia. Diatomu, vijimea vyenye ganda la silika, huwa na protini juu ya utando wao inayonasa chuma, na mwaka 2018 ilibainika kwamba protini hiyo haiwezi kukishika chuma isipokuwa imeshika pia kaboneti, sawa na protini inayosafirisha chuma katika damu yetu. Kaboneti ndiyo ile inayopungua bahari inapoongezeka asidi. Kijimea kinaweza basi kuzungukwa na hewa ukaa tele na bado kikafa njaa ya chuma.

Hapa ndipo namfikiria Trichodesmium, bakteria wa usanisinuru anayegeuza naitrojeni ya hewani kuwa mbolea ya bahari, na ambaye yumo pia katika maji ya pwani ya Tanzania, hasa wakati wa kaskazi. Kimeng'enya chake cha kunasa naitrojeni kinahitaji chuma kingi. Majaribio ya awali yalionyesha kwamba hewa ukaa ya ziada humstawisha, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, maji ya kukuzia yakiwa safi, asidi hupunguza ukuaji wake: pH ya ndani ya seli hushuka, kimeng'enya hicho hupoteza ufanisi, na seli hulazimika kutengeneza kingi zaidi kwa chuma kile kile kidogo. Kwa sababu hiyo, naamini vipimo vya pH vinavyochukuliwa katika pwani yetu vingetufaa zaidi kama katika maji yale yale tungepima pia chuma kilichoyeyuka na kiasi cha naitrojeni kinachonaswa, msimu wa kaskazi na wa kusi.