Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima kwenye mashamba ya vita vya Marne

Saa 12 asubuhi. Chai, nafuta vioo vya gari, naangalia foleni kwenye simu. Kazi yangu ni kuendesha na kuelezea wageni hapa Paris, wengi wanataka mnara wa Eiffel na maduka, ila leo nina mzee mmoja wa Tanga na wajukuu zake wawili wanataka kuona Septemba 1914 ilivokuwa, pale Wafaransa na Waingereza walipowazuia Wajerumani karibu na mto Marne kwenye vita vya kwanza vya dunia, nimefurahi mno manake hii ndo mada naipenda kuliko zote.

Saa 2. Shikamoo, marahaba, tunaanzia Invalides, jumba la kijeshi hapahapa Paris. Usiku wa tarehe 6 jenerali Gallieni, mkuu wa jeshi la Paris, alikusanya teksi hapa kupeleka askari vitani, zote zilizotumika zinatajwa kama 600, na mita za nauli zilikuwa zinahesabu, madereva wakalipwa asilimia 27 ya ilichosoma. Mzee akauliza, "kwahiyo teksi ndo zilishinda?" Hapana mzee wangu, zilibeba watu kama 4,000 au 5,000 wakati walokuwa wanapigana ni zaidi ya milioni. Ngoja tufike.

Saa 4 na nusu. Kilima cha Penchard, jirani na Meaux. Hapa huwa nakaa sana. Jenerali Joffre, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, alipanga mashambulizi yaanze tarehe 6, lakini tarehe 5 mchana Wafaransa wanasogea tu wakakutana na Wajerumani wako juu ya vilima hivi wanawaona vizuri, na walopelekwa kupanda Penchard ni brigedi ya Wamorocco, vijana wa Kiafrika kabisa, wakapanda shamba wazi huku wanapigwa risasi, wakafa wengi. Inaniuma kwamba teksi kila mtu anazijua na hawa hakuna anayewauliza. Wajukuu wakaacha simu zao wenyewe, sikuwaambia.

Tukapita Villeroy, alipouawa mshairi Charles Péguy siku hiyohiyo, alafu makaburi ya Chambry, ukuta wake bado una matundu walotoboa askari wapitishe bunduki.

Saa 8 mchana. Makumbusho ya Meaux. Kwenye ramani ndo mambo yanaeleweka: jenerali Mjerumani Kluck alikuwa anakuja kuipita Paris kwa upande wa magharibi, akageukia kusini mashariki kuwafukuza Wafaransa, ubavu wa jeshi lake ukabaki wazi, marubani wakaona. Aliposhambuliwa huo ubavu akarudisha vikosi vyake huku, likabaki pengo la kilomita kama 40 kati yake na Bülow, jenerali mwenzake, Waingereza na jeshi la 5 la Ufaransa wakaingia humo, tarehe 9 Wajerumani wakaanza kurudi nyuma mpaka mto Aisne wakachimba mahandaki. Askari wao walikuwa wametembea kwa miguu tangu Ubelgiji, hoi. Wafaransa walokufa wanakadiriwa 80,000, kwa siku chache tu!

Saa 11 jioni. Njia nzima mzee anawasimulia wajukuu jinsi Novemba ya mwaka huohuo Waingereza walivoshuka Tanga na askari kutoka India wakapigwa na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huko, mi nikazima redio nisikilize.

Saa 3 usiku. Nimepata ujumbe wa wageni wengine wa kesho, wameandika wanataka "ile ya teksi". Nimewajibu tutaanzia Penchard, Invalides tutapita tukirudi.