F5 yangu na fundi mpya wa Audacity

Kidole changu kimoja mpaka leo hukimbilia kitufe cha F5 kabla akili haijasema lolote. Kwa miaka mingi F5 kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti, ndiyo ilikuwa njia ya kushika kipande cha sauti ukakisogeza mbele au nyuma. F1 unachagua, F2 unapandisha na kushusha sauti, F5 unasogeza. Nilijifunza hivyo 2009 kwenye redio moja ya jamii hapa Mtwara, nikiwa nimesimama nyuma ya mzee wetu wa ufundi, kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja na kiti kimoja. Oktoba 2021 likatoka toleo la 3.1, na F5 yetu ikaishia hapo. Sasa kipande unakishika kichwani, kwenye ule ukanda wa juu, unakivuta unapotaka. Ni rahisi zaidi, nakubali. Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo wanaishika kwa dakika mbili. Mimi kidole kinaenda F5, hakuna kinachotokea, ndipo nakumbuka.

Mzee hakutaka kusikia. Kompyuta yake haijawahi kuunganishwa na intaneti tangu inunuliwe, ina Audacity ya mfululizo wa 2, na F5 yake iko palepale. Ukimgusia habari za kusasisha anakuuliza, "Kwani imeharibika?"

Nimekumbuka yote haya kwa sababu toleo la 4 linajengwa, na safari hii si kubadilisha rangi. Wanaijenga upya. Sehemu yote tunayoiona na kuibofya inatolewa kwenye wxWidgets, msingi iliyosimamia tangu mwanzo, inahamishiwa kwenye Qt, msingi mwingine wa kazi hiyohiyo. Kwa ambaye si mtu wa kompyuta: ni kama fundi aseme bati linabaki la rangi ileile, lakini kuta zote anazisimamisha upya, na wewe uendelee kulala ndani. Matoleo ya awali ya majaribio yameshaanza kutolewa. Mimi sijathubutu kuweka chochote cha majaribio kwenye mashine ya kazi, kwa sababu kipindi cha saa moja jioni hakimsubiri mtu.

Nirudi nyuma kidogo. Audacity ilianza 1999 katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, mikononi mwa Dominic Mazzoni, aliyekuwa mwanafunzi, na Roger Dannenberg, mwalimu wake. Toleo la kwanza kwa umma, 0.8, lilitoka Mei 2000. Ni programu huria: hulipi, na msimbo wake uko wazi, anayeweza kuusoma anausoma, anayetaka kuubadilisha anaubadilisha. Kwa redio kama yetu hilo ndilo lililotuweka hewani. Programu za kulipia tulikuwa tunazisikia kwa watu wa Dar es Salaam, nyingi zikiwa zimevunjwa kufuli na zimejaa virusi.

Ilikuwa na vituko vyake. Ulikuwa huwezi kutoa MP3 mpaka uwe na faili la LAME pembeni, lile linalotengeneza MP3, kwa sababu ya mambo ya hataza, kwa hiyo flashi yangu ilibeba LAME kila niendako kama mtu anavyobeba dawa ya kichwa. Sauti za WhatsApp zilipoanza kuletwa na wasikilizaji, hazikufunguka mpaka uweke FFmpeg, nyongeza ya kusoma aina nyingi za faili za sauti. Na efekti ukishaiweka imeingia ndani ya sauti, kama chumvi kwenye mchuzi. Ukihifadhi na kufunga, huna pa kurudi.

Halafu kulikuwa na mambo ya faili la .aup, lile Audacity ilimokuwa inahifadhia kazi yako. Hapa nitasimama, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Mwaka 2014, msimu wa korosho, nilikwenda Tandahimba kurekodi mnada. Wakulima wana hasira, viongozi wa chama cha msingi wanajibu, mzee mmoja anaeleza stakabadhi ghalani vizuri kuliko ofisa yeyote niliyewahi kumhoji. Nyenzo safi. Nikakesha gesti nikikata na kuunganisha, jogoo wa jirani nikamtoa mara nne. Alfajiri nikahifadhi kazi, nikanakili faili kwenye flashi, laptopu nikamwachia mwenzangu aliyekuwa anaendelea na safari kwenda Newala. Mimi nikapanda basi kurudi mjini, roho nyeupe.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nimechomeka flashi. Mistari ipo, majina ya vipande yapo, mpaka alama nilizoweka zipo. Sauti hakuna. Kimya tupu. Dada mtangazaji ameshavaa vipokea sauti, ananitazama kupitia kioo.

"Kaka, kipindi kiko wapi?"

"Kipo kwenye flashi."

"Mbona sikisikii?"

Ukweli ni kwamba faili la .aup halikuwa na sauti hata chembe. Lilikuwa kama orodha tu. Sauti zenyewe zilikaa kwenye folda ya pembeni, jina lile lile likiwa na mkia wa _data, zimekatwakatwa vijifaili vidogovidogo kwa mamia. Mimi nilibeba orodha nikaacha mzigo Newala. Kosa ni langu, mzee alishaniambia mara mbili kwamba hivyo viwili ni kulwa na doto. Jioni ile tulirudia kipindi cha afya ya uzazi, na wakulima wa Tandahimba wakapiga simu kuuliza kama tumehongwa.

Tatizo lile lilimalizwa na toleo la 3.0, Machi 2021: kazi yote ndani ya faili moja, .aup3, unabeba moja umebeba yote. Angalieni tarehe. Siku hizi kila jema la Audacity watu wanalihesabia uongozi mpya, lakini hilo lililoniumiza mimi zaidi liliondolewa na timu ya zamani, wiki chache kabla ya habari za kununuliwa. Waliokuwepo wapewe haki yao.

Habari yenyewe ilikuja mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2021. Kampuni ya Muse Group, wenye tovuti ya gitaa ya Ultimate Guitar na MuseScore, wameichukua Audacity, na wa kuiongoza ni Martin Keary, anayejulikana YouTube kwa jina la Tantacrul. Huyu bwana ni mtunzi wa muziki na msanifu wa programu, na alivyoingia kwenye kazi hii ni hadithi yenyewe. Mwaka 2019 alitoa video ndefu akiichambua MuseScore, programu huria ya kuandika nota, akionyesha kila kinachoudhi ndani yake, kwa utani mkali. Wenye MuseScore hawakununa. Walimwajiri. Kwa lugha ya kwetu: umesema mchuzi hauna chumvi, haya, ingia jikoni.

Lakini jikoni kwa watu kuna adabu zake. Siku chache tu baada ya kutangazwa, likaja pendekezo la kuifanya Audacity itume taarifa za jinsi inavyotumika, kupitia huduma za Google na za Yandex ya Urusi, kwa ridhaa ya mtumiaji. Watu wakalipuka. Kabla Mei haijafika katikati wakaliondoa, wakabakiza ripoti za hitilafu na kuangalia kama kuna toleo jipya. Julai ikaja sera ya faragha iliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria, ikigusia kutoa data kwa vyombo vya dola na kuwakataza walio chini ya miaka 13 kutumia programu. Neno "jasusi" likaenea dunia nzima kwa siku mbili. Wakaomba radhi, wakaiandika upya. Wengine hawakusubiri: walichukua msimbo, kama leseni yake huria ya GPL inavyoruhusu, wakaanzisha programu zao. Tenacity ni mojawapo.

Na mimi nilikasirika. Niliandika kwenye kundi letu la mafundi wa redio kwamba tusisasishe chochote mpaka ieleweke. Nikiangalia sasa, hasira yangu ilikuwa na sababu nusu. Kompyuta ya mzee isiyo na intaneti isingetuma taarifa kwa yeyote, hata ingeambiwa itume. Kilichonichoma hasa ni mwendo. Mgeni anafika, hajakaa hata kigodani, anaanza kuhesabu vikombe. Hilo la kuwataka wachangiaji wa msimbo wasaini mkataba unaoipa kampuni haki ya kuzitumia kazi zao chini ya leseni nyingine, mpaka leo silipendi, ingawa programu yenyewe imebaki huria chini ya GPL.

Kilichonirudisha ni kazi, kidogokidogo. Toleo la 3.1, lile lililoua F5, ndilo pia lililoniwezesha kukata mwisho wa kipande na kuurudisha wiki ijayo nikijuta: kilichokatwa kimefichwa tu, hakijafutwa. Septemba 2022, 3.2 ikaleta efekti zinazofanya kazi papo hapo sauti ikiwa inacheza. Unaweka, unasikiliza, unaondoa, sauti ya chini haijaguswa. Kwa mtu aliyewahi kuharibu mahojiano ya mkuu wa wilaya kwa kuzidisha besi, hii si jambo dogo. Kupunguza kelele bado ni kwa mtindo ule wa zamani, unachukua sampuli ya ukimya, unasugua mstari mzima, na upepo wa Mikindani haukubali kusuguliwa.

Sasa kwa nini wabomoe kuta, kama mambo yanakwenda? Msimbo ule una zaidi ya miaka ishirini, umepitia mikono mingi ya watu waliojitolea jioni baada ya kazi zao, na kila mmoja aliziba ufa wake alivyoweza. Sehemu ya kuonekana na sehemu inayochezesha sauti zimesukana, ukivuta uzi wa kitufe unakuta umevuta na wa sauti. Hapo wahenga tutawasumbua bure na ufa wao na ukuta: nyufa zilizibwa, tena kwa uaminifu, na ukuta bado unahitajika.

Na si mara yao ya kwanza. MuseScore 4, ya Desemba 2022, ilijengwa hivyohivyo, na misingi ya mwonekano iliyotengenezwa kule ndiyo inayotumika kwa Audacity 4. Nina rafiki mwalimu wa kwaya Masasi ambaye huandika nota zake kwa MuseScore. Nilimpigia kumuuliza ilikuwaje. Akasema sauti za ala zilimtoa machozi, na plagini zake nyingi, zile programu ndogo za nyongeza, za toleo la 3 zikagoma. "Ikabidi niwe na zote mbili, kama mtu mwenye wake wawili." Lakini aliweza. Toleo la 3 na la 4 yalikaa kwenye laptopu moja bila kupigana, na la zamani halikuondolewa kwenye tovuti. Mimi hilo ndilo ninalolitazama kwa fundi mpya kuliko nembo na video zake. Mlango wa zamani anauacha wazi kwa muda gani?

Nina mengine mawili nitakayoyapima siku 4 ikifika. Kwanza, itembee kwenye laptopu ya RAM ya GB 4, kwa kuwa ndiyo tuliyo nayo. Pili, ile huduma ya kuhifadhi kazi mtandaoni kwenye audio.com, iliyoingia na toleo la 3.5 mwaka 2024, ibaki ya hiari kama ilivyo sasa. Saa moja ya WAV, sauti isiyobanwa, ya stereo ni zaidi ya MB 600. Bando la nani?

Nilimweleza mzee habari hizi Jumapili, tumekaa nje ya studio tukisubiri umeme urudi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza, "Hiyo ya nne, F5 wanairudisha?" Nikamwambia sidhani. "Basi," akasema, akaendelea kumenya chungwa lake.

Lakini juzi yeye mwenyewe amenipa diski yake ya nje, bila kueleza sana. Ina kazi 212 za .aup, za tangu kabla yangu. Kila usiku baada ya taarifa ya habari nafungua chache kwa 3.7, nahakikisha folda ya _data ipo, natoa WAV, napanga kwa mwaka. Ya kawaida inachukua dakika tano. Nyingine, ambazo folda imepotea, naandika jina lake kwenye daftari na kupita.

Nimefika ya 73. Hiyo ilikuwa ya 2007, mvuvi wa Msimbati akieleza nyota za kuvulia, jogoo anawika nyuma yake mfululizo. Sikumtoa.