Konde asubuhi, ukili jioni: siku yangu moja Jambiani, Zanzibar

Saa 11 alfajiri. Bibi ameamka kabla yangu, namsikia uani anatia udhu. Nikishasali natia chai kwenye chupa, nafunga vipande vya muhogo wa jana, nachukua panga na mtaimbo.

Saa 12 na nusu. Konde letu liko maweni, nusu saa kwa miguu kutoka pwani. Mgeni akipita hapa ataona matumbawe matupu. Lakini udongo upo, umejificha kwenye mashimo ya mawe, mweusi na laini, na unashika maji kuliko mchanga wa pwani. Huku hakuna matuta, na jembe halina kazi. Kila shimo ni shamba lake. Natia mkono kupima kina: mkono ukizama hadi kifundo, shimo hilo ni la kunde, ukizama hadi kiwiko, hapo ndipo pa muhogo. Bibi ndiye aliyenifundisha kipimo hicho, na bado sijakiona kinakosea. Jiwe lililolegea naling'oa kwa mtaimbo, nalipanga ukutani, maana ukuta huo ndio unaotukingia nguruwe mwitu.

Vuli imeanza wiki iliyopita, kwa hiyo leo ni kunde na choroko, punje tatu tatu.

Nimezaliwa hapa hapa, lakini mpaka nafika miaka 26 sikuwahi kupanda hata mchicha. Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja. Machi 2020 ndege ziliposimama na wageni wakakatika, tuliambiwa turudi nyumbani, mshahara hakuna. Miezi ile tulikula konde hili. Hoteli ilipofunguliwa waliniita. Sikwenda.

Saa 4. Jua limekaza, narudi. Nyuma ya nyumba nanyunyizia bamia maji ya mwarobaini yaliyolala usiku kucha. Vidukari vimeanza kujikusanya chini ya majani.

Saa 7. Muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Tumekula, tumeshukuru.

Saa 8 mchana. Sasa tuko barazani, na hii ndiyo saa ninayoisubiri tangu asubuhi. Kuna mkeka wa harusi tumeagizwa, rangi tatu: nyeupe ya ukindu wenyewe, nyekundu ya dukani, na manjano tuliyoichemsha kwa bizari. Ukindu ni kuti changa la mkindu ambalo halijafunguka. Hukatwa, huanikwa juani mpaka likawa jeupe, kisha huchanwa kwa kucha au kisu kupata chane zenye upana mmoja. Hapo kwenye upana ndipo kazi yote ilipo. Uchane mmoja ukiwa mnene, ukili, yaani utepe tunaousuka kwa chane hizo, wote unapinda.

Uchane unatoka kushoto, unapita juu ya chane mbili, chini ya chane mbili, unafika ukingoni, unakunjwa, unarudi. Ukikaribia kwisha unaunga mwingine, ncha unaiacha ichomoze upande wa chini, utaikata baadaye. Bibi anasuka huku anaangalia njiani, anaitikia shikamoo za watoto wa skuli, na vidole haviachi. Macho yake hayaoni tena uzi wa sindano, kwa hiyo kushona ni kazi yangu: shazia, yaani sindano ya mikeka, na ung'ongo, uzi wa kuti, kingo mbili za ukili zikutane, rangi iangukie kwenye rangi.

Saa 9 na nusu. Bibi amechukua ukili wangu, akaupitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama anayesoma. Akasimama mahali.

"Hapa umeruka, mwanangu."

Niliangalia sikuona kitu. Nikahesabu chane moja moja, nikakuta kweli, nimepita juu ya chane tatu. Ilikuwa karibu shubiri mbili nyuma. Nikafumua zote. Uchane uliokwisha kusukwa una mikunjo, hauwezi kusukwa tena ukanyooka, hivyo niliuweka kando nikachukua mpya.

Saa 11 jioni. Tumepima. Bibi kasimama, kanyoosha mikono, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, pima moja na kidogo kwa leo. Jumla pima tisa. Kaupitisha tena ukili vidoleni, safari hii hakusimama popote, akauzungusha akaufunga.

Saa 2 usiku. Nimelowanisha chane za kesho kidogo tu, nimezifunika kwa kanga mbichi zisikauke zikakatika.